Kanda za Kabatini Zina Wenyewe

Idara ninayofundisha ina kabati la chuma lenye kanda za video zaidi ya mia moja, karibu zote za VHS, zilizorekodiwa wodini na katika chumba cha upasuaji tangu miaka ya 1980. Masika moja dari lilivuja. Tulipofungua kabati, ukungu ulikuwa umeshika utepe wa kanda kadhaa, mojawapo ikiwa ile ya mtoto mchanga mwenye pepopunda, ambayo nilikuwa nikiwaonyesha wanafunzi kila mwaka. Mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, akaitia ndani ya deki ili ajaribu. Utepe ukakatika. Ukungu ukabaki katika vichwa vya deki, na kanda safi iliyofuata nayo ikachafuka.

Miezi michache baadaye alikuja mama wa mtoto yule. Mtoto hakupona, na mama hakuwa na picha yake hata moja. Alikumbuka tu kwamba daktari mmoja aliwahi kumrekodi. Nilimweleza ukweli.

Wapo wenzangu wanaoziita kanda hizi takataka, na hoja yao si dhaifu yote. Dawa na taratibu zinazoonyeshwa humo nyingi zimepitwa na wakati. Dalili za ugonjwa, hata hivyo, hazipitwi na wakati. Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imeondoa pepopunda ya wazazi na watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii, jambo la kushukuru. Lakini kwa sababu hiyo muuguzi kijana aweza kufanya kazi miaka mingi bila kuiona, na siku aletewapo mtoto aliyezaliwa nyumbani na mama asiyechanjwa, asiitambue. Picha ya kitabuni humwonyesha mtoto aliyekakamaa. Haionyeshi jinsi mguso mdogo au mlio wa mlango unavyoamsha mkakamao huo upya.

Muda wa kuamua ni mfupi. VHS ilianza kuuzwa Japani mwaka 1976. Mwaka 2016 kampuni ya Funai, ya mwisho kujulikana kuunda deki zake, iliacha kazi hiyo. Mwaka 2019 UNESCO na wahifadhi wa kumbukumbu za sauti na picha walitoa tahadhari, wakikadiria kuwa kufikia takriban mwaka 2025 kuzicheza kanda za sumaku kungekuwa kugumu mno. Vipuri vinakwisha, na mafundi wanaostaafu hawana wa kuwarithi.

Kazi yenyewe haihitaji mtambo wa ajabu. Deki nzima huunganishwa na kifaa kidogo cha kunasia, nacho huunganishwa na kompyuta. Waya wa njano hupitisha picha, mweupe na mwekundu hupitisha sauti. Kwanza kanda itazamwe kupitia kidirisha chake. Ikiwa na ukungu, itengwe na isichezwe kabisa, kwa kuwa vumbi lake hudhuru deki na mapafu ya anayeishika. Kanda zetu ni za mfumo wa PAL, lakini zile za msaada kutoka Marekani au Japani huwa za NTSC, hivyo deki na kifaa vyote viwe na uwezo wa kusoma mifumo yote miwili. Vifaa vya bei rahisi hudondosha fremu pale mawimbi yanapoyumba, na sauti huanza kuachana na midomo. Afadhali kutumia kirekebisha-mawimbi kati ya deki na kompyuta.

Hakuna njia ya mkato: saa moja ya kanda hunaswa kwa saa moja. Kanda mia moja za saa mbili ni saa mia mbili, yaani siku arobaini kwa anayefanya saa tano kwa siku. Kwa mfumo wa DV kila saa huchukua takriban gigabaiti 13, kwa hiyo kabati zima lingeingia katika diski moja ya terabaiti 4, na diski ya pili iwe ya akiba, itunzwe jengo jingine.

Faili la kwanza lisipambwe. Kuna programu zinazorekebisha rangi zenyewe, na kwetu sisi hilo ni kosa la kitabibu: manjano ya macho yaweza kufutwa, na midomo iliyogeuka samawati ikawa myekundu.

Sikubali kamwe kanda hizi zipelekwe kwenye maduka ya mitaani. Faili hubaki katika kompyuta ya mwenye duka, na hakuna ajuaye litakuwa kwenye simu ya nani kesho. Mgonjwa aliyeridhia kurekodiwa mwaka 1988, kama kweli aliulizwa, aliridhia kuonekana na darasa moja katika chumba kimoja. Kumziba macho hakutoshi. Sauti yake, kovu lake na jina analoitwa na nesi humtambulisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti.

Msimamo wangu ni kwamba tunase zote sasa, tukizifungia, na kuonyesha kuje baadaye, kwa ridhaa ya mwenyewe au ya jamaa zake. Wasipopatikana, kamati ya maadili iamue, na ikiruhusu, iwe darasani tu bila simu. Nawe msomaji, ikiwa wewe au mtoto wako mliwahi kurekodiwa hospitalini, una haki ya kuuliza kanda hiyo iko wapi.

Sisi tutaanza na zile zisizo na maandishi mgongoni. Nesi wetu mstaafu, anayewakumbuka wagonjwa kwa sura na kwa vijiji vyao, amekubali kuketi kando ya deki na daftari.