Kabla ya Kulifunga Kabati



Huku Longonot, jua likishajificha nyuma ya mlima, baridi huingia hadi mifupani, nasi watu wa Pwani tuliohamia bara hufunga milango mapema. Jioni moja ya likizo ya Agosti nilimkuta binti yangu wa miaka 16 amejifunika blanketi, anasoma riwaya. Ilikuwa Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980. Nikaifungua katikati, macho yakaangukia habari za ulevi na upotovu. Bila kuuliza neno, nikaitia kabatini na kufunga kwa ufunguo.

Hakubishana. Siku ya pili aliniomba ruhusa ya kumsomea bibi yake aliyeko Lamu, ambaye nuru ya macho imempungua, kwa kurekodi sauti katika simu. Niliridhia, ila achague kitabu kingine. Akachagua Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, kisa cha Kongowea Mswahili aliyetoka Tanga hadi Kitale kumtafuta babake. Kila usiku akasoma sura moja, na kila asubuhi bibi akarejesha maswali yake.

Kitabu kilipokwisha, bibi alikitaka kile kilichofungiwa. Kumbe mjukuu alikwisha kumwambia. Akanipigia simu. “Mwanangu, umekisoma chote?” Nikanyamaza.

Nilikitoa. Nikakisikiliza pamoja nao huku nikichagua mchele, na nikafahamu nilichokipuuza. Bwana Maksuudi anamfungia ndani mkewe na binti yake Maimuna, ilhali mwenyewe nje ana maovu yake. Maimuna anapotoka haijui dunia, na dunia inamla. Riwaya haiusifu upotovu. Inamuuliza mzazi alimfunza nini mwana kabla ya kumfungia mlango. Nami, niliyekuwa na ufunguo wa kabati mfukoni, niliona haya.

Sisemi kwamba kila riwaya ni ya kila umri. Utengano singempa mtoto wa miaka 11. Lakini kwa msichana aliyekaribia utu uzima, naona bora ayakute mambo hayo kitabuni, mamake akiwa karibu, kuliko kuyakuta njiani peke yake.

Ama kitabu cha kusikiliza, nimekipenda kwa sababu moja kubwa: jambo la aibu linaposomwa kwa sauti mbele ya mama na bibi, huulizwa na hujibiwa. Kasoro yake ni kwamba msikilizaji haoni tahajia, na akisinzia, kisa kimempita. Kwa hiyo kijana wa mtihani asiiache karatasi.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye utenzi mwaka 1858, nasi wengi tuliujua kwa masikio kabla ya kuuona kwa macho. Wosia wa mama ulipita katika sauti, ukatufikia.

Basi dada yangu, kabla ya kulifunga kabati, kisome kitabu mpaka mwisho. Macho yakikataa, mwambie mwanao akusomee. Huenda ukasikia katika sauti yake swali ambalo hakuthubutu kukuuliza.

Wabillahi tawfiq.