KIDONGE KIMOJA, HAKI MBILI

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba huenda wakastaajabu kuiona Songea katika ukurasa huu. Watauliza: Afya si katika mambo ya Muungano, sisi tuna Wizara yetu na Bara wana yao, ya Ruvuma yatuhusu nini? Jawabu letu ni fupi. Wizara ina mpaka, damu haina. Tena haki tunayoidai kwetu hatuwezi kuinyamazia ikikosekana kwa jirani. Songea twaitaja kwa sababu iko mbali, zaidi ya kilomita 900 za barabara hadi Dar es Salaam, na upungufu wa Serikali huonekana vizuri zaidi mbali na mlango wa Serikali.

Dhulma yenyewe ni hii. Iko dawa iitwayo tenofoviri. Mtu mwenye VVU huipata ndani ya kidonge chake cha kila siku, na huipata bure. Mpango wa kutoa dawa hizo bila malipo ulianza nchini mwaka 2004. Dawa hiyo hiyo ndiyo inayokizuia kirusi cha homa ya ini B kisiliangamize ini. Lakini mwenye homa ya ini B asiyekuwa na VVU hakufunguliwa mlango kama ule. Yeye aachiwa duka la dawa, na bima kama anayo, na mfuko wake mwenyewe.

Chukua wagonjwa wawili waliotoka Namtumbo kuja Songea mjini. Wote wana maradhi ya damu, wote wahitaji dawa moja. Mmoja ataitwa apewe. Mwenziwe ataulizwa ana kiasi gani. Huyu wa pili amekosa nini? Kosa lake ni kuugua maradhi yasiyokuwa na mfadhili. Atarudi kwao, na miaka ikipita tumbo litajaa maji na macho yatakuwa manjano, na majirani watasema amerogwa. Hakurogwa. Amesahauliwa.

Hatumwonei kijicho mwenye VVU. Alichopewa ni haki yake, na twataka kizidi. Bali twasema haki hiyo nayo imesimamishwa juu ya nguzo ya kuazima. Fedha nyingi za dawa zile zilitoka Marekani, katika mpango uliotangazwa na George W. Bush mwaka 2003. Tarehe 20 Januari 2025 Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje, na wagonjwa wa Afrika nzima wakalala hawajui watakunywa nini mwezi ujao. Tarehe 1 Julai mwaka huo huo shirika la misaada la USAID likafungwa. Wazee walikwisha sema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Basi sera yetu ya afya ilifuata fedha za mgeni, haikufuata maradhi ya mwananchi. Pale mgeni alipotoa, pakawa na tiba. Pale asipotoa, pakawa na mabango.

Tutaambiwa kwamba homa ya ini ni jambo dogo. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 waliishi na homa ya ini B, na milioni 50 homa ya ini C, na kwamba maradhi haya huua watu kiasi cha milioni 1.3 kwa mwaka. Katika kila watu 100 wenye homa ya ini B, 13 tu walikuwa wamepimwa wakajijua, na 3 tu walikuwa wakitibiwa.

Tutaambiwa dawa ni ghali. Si kweli. Shirika hilo hilo laeleza kwamba tenofoviri yaweza kununuliwa kwa dola 2.40 kwa mwezi. Lakini bei hiyo huipata Serikali inunuayo kwa wingi, haipati mkulima wa mahindi anunuaye paketi moja moja.

Tutaambiwa mikoani hakuna mashine. Udhuru huo nao umekwisha. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani Machi 2024 waruhusu daktari kuanza tiba kwa vipimo vya kawaida vya damu pale kipimo cha wingi wa virusi kisipopatikana.

Na watoto je? Mtoto akiambukizwa homa ya ini B wakati wa kuzaliwa, karibu mara 9 katika 10 ataishi nayo maisha yake. Kinga yake ni sindano ya ndani ya saa 24. Chanjo hii iliingizwa katika ratiba ya taifa mwaka 2002, lakini kwa miaka 20 na zaidi sindano ya kwanza ilisubiri wiki kadhaa. Mwizi aliingia siku ya kwanza, mlinzi akafika mwezi wa pili!

Wengine wamefanya nini? Uganda ilianza mwaka 2015 kupima, kuchanja na kutibu homa ya ini B bila malipo, ikianzia wilaya za kaskazini. Misri ilikuwa na aibu kubwa zaidi: sindano za Serikali yake yenyewe, zilizotumika kutibu kichocho, ndizo zilizowatia watu homa ya ini C. Haikuificha aibu hiyo. Mwaka 2018 na 2019 ilipima watu wapatao milioni 50 na kuwatibu wagonjwa bure. Je, Misri wana ini na sisi hatuna?

Songea yajua gharama ya dawa ya maneno. Katika vita vya Maji Maji watu waliahidiwa kwamba maji yatazuia risasi, na tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani wakawanyonga wakuu wa Wangoni katika mji huo. Mashujaa wale hatuwalaumu. Walisimama kwa kile walichokuwa nacho. Twawalaumu wa leo, walio na dawa ya kweli, wakagawa maji.

Basi twataka mambo manne. Kwanza, kila mama mjamzito apimwe homa ya ini B kama apimwavyo VVU, bure, hata katika zahanati. Pili, kila mtoto achanjwe ndani ya saa 24, popote azaliwapo. Tatu, mtoa damu aliyekutwa na kirusi apelekwe penye tiba, asiambiwe tu akarudishwa nyumbani. Nne, tenofoviri itolewe bure kwa kila aihitajiye, Songea, Tunduru, Mbinga na Wete, kwa fedha za bajeti yetu wenyewe.

Kidonge kipo, bei yajulikana, mgonjwa yuko mlangoni. Kilichobaki ni Serikali kufungua.