Rubuni kwa Mchezo wa Kale: Je, Mchezaji Hununua Nini?

Wahenga hawakumwonea haya mnunuzi wa mbuzi wa guniani. Walimcheka waziwazi, kwa kuwa alitoa fedha kwanza, akafungua gunia baadaye. Onyo lao lilihusu soko la mifugo, lakini leo linafaa mno katika soko ambalo wao hawakuliota, yaani soko la michezo ya video inayouzwa kwa njia ya mtandao.

Tarehe 3 Septemba 2020, kampuni ya Nintendo ya Japani ilitangaza mkusanyo uitwao Super Mario 3D All-Stars. Ndani yake mlikuwa na michezo mitatu ya zamani: Super Mario 64 wa mwaka 1996, Super Mario Sunshine wa mwaka 2002 na Super Mario Galaxy wa mwaka 2007. Bei yake nchini Marekani ilikuwa takriban dola 60. Mkusanyo ungeingia sokoni tarehe 18 mwezi huohuo, na ungeondolewa tarehe 31 Machi 2021. Baada ya siku hiyo duka la mtandaoni la kampuni lisingeuuza tena.

Tangazo hilo liliwagawanya wachezaji katika makundi. Wapo waliokimbilia kulipia mapema ili wasipitwe, na wapo waliouliza ni kwa nini mtu alipie kitu ambacho hajakiona. Papo hapo likazuka swali la pili: je, michezo hiyo bado ina ladha, au imechuja kama kanga iliyofuliwa mara nyingi? Aghalabu maswali haya hujadiliwa kana kwamba hayahusiani, la kwanza likiachiwa watu wa biashara na la pili watu wa sanaa. Makala haya yanashikilia kwamba yote mawili yanahusu haki moja, nayo ni haki ya kuihukumu kazi. Anayelipa mapema hunyimwa nafasi ya kuhukumu kabla ya kutoa fedha. Anayeuziwa kitu kisichodumu hunyimwa nafasi ya kuhukumu baada ya miaka kupita.

Tuanze na malipo ya mapema. Desturi hii ilikuwa na mantiki katika enzi ya kaseti na diski. Mwenye duka alipokea nakala chache. Mteja aliyetaka kuwa na hakika ya kupata yake aliacha fedha kidogo, akawekewa. Kiswahili kina neno zuri kwa fedha hizo, yaani arubuni au rubuni. Lakini kitenzi kurubuni kina maana ya kushawishi au kudanganya kwa hila. Kama nomino na kitenzi hiki vina chimbuko moja au vimekutana tu njiani, wanaleksikografia ndio watakaoamua. Kwa mchezaji wa leo, inatosha kwamba vimekaa jirani kamusini.

Katika duka la mtandaoni nakala haziishi. Mtu wa kwanza na mtu wa milioni hupakua kitu kilekile, na hakuna rafu inayobaki tupu. Sababu ya kuweka rubuni imekufa, ila rubuni yenyewe ingali hai. Ndiyo maana tarehe ya mwisho iliyowekewa mkusanyo wa Mario iliwaudhi wengi. Uhaba wa kaseti unaweza kueleweka. Uhaba wa faili ya kompyuta hauna budi kutengenezwa na mtu.

Watetezi wa malipo ya mapema wana hoja zao, na si haki kuzipuuza. Hoja ya kwanza ni kwamba mchezo huweza kupakuliwa siku kadhaa kabla, ili saa ya uzinduzi ikifika mchezaji aanze mara moja. Kwa mwenye intaneti ya polepole, jambo hili si dogo. Hoja ya pili ni kwamba watengenezaji wadogo huhitaji mtaji, na mashabiki wao huwaamini. Hoja ya tatu ni kwamba michezo ya zamani si mbuzi wa guniani hata kidogo. Nani asiyemjua Mario?

Hata hivyo, hoja ya kwanza iligeuzwa kuwa kitanzi. Sheria ya Umoja wa Ulaya humpa mnunuzi wa mbali siku 14 za kughairi, lakini kwa bidhaa za kidijitali haki hiyo hukoma pindi utekelezaji unapoanza kwa ridhaa yake. Nintendo ilizuia wateja kufuta malipo ya mapema, ilhali mchezo uliopakuliwa haukuweza kufunguliwa kabla ya siku yake. Watetezi wa haki za walaji nchini Norway na Ujerumani walilalamika. Mwaka 2020 kampuni hiyo ililegeza kamba barani Ulaya, ikaruhusu kufuta hadi siku saba kabla ya uzinduzi.

Hoja ya imani nayo ilipata jaribio kubwa mwaka huohuo. Tarehe 10 Desemba 2020, kampuni ya CD Projekt ya Poland ilitoa mchezo wa Cyberpunk 2077. Watu zaidi ya milioni 8 walikuwa wameulipia mapema, na asilimia 74 ya mauzo hayo yalikuwa ya kidijitali. Katika mashine za kizazi kilichotangulia, mchezo ulijaa kasoro. Kampuni iliomba radhi kwa kutouonyesha katika mashine hizo kabla ya uzinduzi. Muda mfupi baadaye Sony iliuondoa katika duka lake la mtandaoni, na haukurudi hadi Juni 2021. Ni kweli kwamba ulikarabatiwa na hatimaye ukasifiwa. Lakini ukweli huo unamtetea aliyengoja. Mvumilivu alikula mbivu, naye aliyelipa kwanza ndiye aliyeonja mbichi.

Ikabaki hoja ya tatu, kwamba mchezo wa kale unajulikana tayari. Hapa ndipo swali la uzee linapoingia. Mchezo unaokumbukwa na mchezo unaoshikwa leo mkononi si lazima viwe kitu kimoja. Kumbukumbu husamehe mengi ambayo vidole havisamehi.

Chukua mfano wa Super Mario Bros. wa mwaka 1985, kazi ya Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Ni mchezo wa kuruka kutoka jukwaa moja hadi jingine, na ndio ulioweka kanuni ambazo waliofuata walizitii au waliziasi. Mchezo wote ulitoshea katika kilobaiti 40. Ili kubana nafasi, mawingu na vichaka vilichorwa kwa picha ileile, tofauti ikiwa rangi tu. Je, umezeeka? Tazama mwanzo wake. Mario amesimama kushoto, na uwazi uliopo kulia unamwashiria mchezaji aelekee huko. Kiumbe mwenye uso wa hasira anamjia. Asiporuka hufa, na hasara yake ni sekunde chache tu. Bila neno hata moja, mchezaji amekwisha kujifunza kwamba kuruka ndiko kutakakomwokoa. Akishikilia kitufe kwa muda mrefu zaidi, Mario hupaa juu zaidi, na hata akiwa hewani anaweza kuelekezwa. Ufundi huu haujapata kunyanzi.

Kilichozeeka kipo, lakini kiko kwingine. Skrini huelekea kulia tu, na aliyeacha kitu nyuma hakirudii. Mchezaji huanza na uhai wa mara tatu, na ukiisha kabla hajajikusanyia mwingine, kwa kawaida hurudishwa mwanzo. Utaratibu huu ulirithiwa kutoka mashine za kumbi za michezo, ambako kila kifo kilidai sarafu nyingine. Nyumbani hapakuwa na sarafu, ila adhabu ilibaki. Mchezo wa Celeste wa mwaka 2018 unathibitisha kwamba ugumu hauhitaji adhabu hiyo. Humo hakuna idadi ya uhai. Anayeanguka huanza tena papo hapo katika chumba kilekile. Tena mchezo humpa muda mdogo wa rehema, hata akibonyeza kitufe cha kuruka punde tu baada ya mguu kuacha ukingo. Ni mchezo mgumu, lakini hauna inda.

Super Mario 64 nao unahitaji mizani hiyohiyo. Mwendo wa Mario, anayenyata au kukimbia kwa kadiri ya msukumo wa kidole, ungali unapendeza. Kamera ndiyo iliyochakaa. Huzunguka kwa hatua hatua, mara ikwame nyuma ya ukuta, mara igeuke mchezaji akiwa katikati ya mruko. Mwaka 1996 kanuni za kuonyesha ulimwengu wa pande tatu zilikuwa bado zinabuniwa, na mkono wa mchezaji wa leo umelelewa na kanuni zilizokuja baadaye. Kwa hiyo anayesema mchezo huu umechuja, na anayesema haujachuja, huenda wote wawili wana haki. Mmoja anazungumzia macho, mwingine anazungumzia miguu.

Mwanafunzi wa fasihi hawezi kushangazwa na hali hii. Msomaji wa tungo za Muyaka bin Haji hukutana na msamiati wa Kimvita usiotumika tena, na dokezo za siasa za Mombasa zilizokwisha kusahaulika. Mhariri mwadilifu huongeza maelezo pembeni. Hafuti neno la mshairi ili apachike la kwake. Vivyo hivyo, mchezo wa kale ungeachwa katika umbo lake la asili, kisha anayetaka kamera mpya apewe kama hiari. Mkusanyo wa mwaka 2020 ulilaumiwa kwa kuwa mchango wake wa kihariri ulikuwa mdogo kwa bei iliyotozwa. Jambo hilo lingeweza kujulikana kwa kungoja siku chache wahakiki wafungue gunia.

Lakini ili tungo za Muyaka zihaririwe, sharti kwanza ziwepo. Mshairi huyo alifariki yapata mwaka 1840. Tungo zake zimetufikia kwa kuwa watu walizikariri, na kwa kuwa Mwalimu Sikujua alishirikiana na William Taylor kuzikusanya na kuziandika. Zilichapishwa kama diwani mwaka 1940, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akazichambua katika kitabu chake. Hakuna aliyehitaji kibali cha duka ili azikumbuke.

Michezo ya video haina bahati hiyo. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na wakfu wa Marekani uitwao Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena sokoni. Mwezi Machi mwaka huohuo, Nintendo ilifunga mauzo katika maduka ya mtandaoni ya mashine zake za 3DS na Wii U. Super Mario 64 wenyewe, baada ya kuondolewa sokoni pamoja na mkusanyo ule, ulirejea Oktoba 2021 kama sehemu ya huduma ya kulipia ada. Aliyekuwa mnunuzi akafanywa mpangaji. Basi wachezaji wanapobishana kuhusu michezo ipi imezeeka vyema, hubishana juu ya sehemu ndogo iliyosazwa. Iliyobaki haijapewa hata nafasi ya kuzeeka.

Fauka ya hayo, lugha ya biashara huficha hali hii. Kitufe cha duka husema "nunua", ilhali kinachouzwa ni leseni, yaani idhini ya kutumia, ambayo huweza kukoma. Jimbo la California lilitambua kasoro hiyo. Sheria iliyotiwa saini mwaka 2024 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 hukataza maduka kutumia neno hilo kwa bidhaa za kidijitali bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapewa leseni. Bunge lilikaa kujadili kitenzi kimoja. Wanaisimu wa Kiswahili, ambao lugha yao hutenganisha kununua, kukodi, kupanga na kuazima, wangekuwa na la kuchangia maneno ya kidijitali yanapotafsiriwa. Anayeandika "nunua" mahali panapostahili "lipia idhini" anashiriki katika kurubuni.

Haisemwi hapa kwamba kila anayelipia mapema ni mjinga, wala kwamba kila mchezo wa zamani ni johari. Kinachosemwa ni kwamba imani hujengwa juu ya yaliyoonekana. Mchezo mpya ungojewe mpaka wahakiki wauone. Faili haitaisha dukani. Mchezo wa kale upimwe sehemu kwa sehemu, kilichozeeka kitajwe kwa jina, na kisichozeeka kipewe heshima yake. Na kampuni inayojivunia urithi wake iache urithi huo uuzwe bila tarehe ya kifo. Mario wa mwaka 1985 amekwisha kupita mtihani wa miaka 40. Hakupita kwa sababu watu walimlipia kabla ya kumwona. Alipita kwa sababu walimwona, wakamcheza, wakamrudia, na watoto wao wakamkuta.