Twende Tshangalele na Watoto

Watoto wetu wa Shituru hutazama katika simu nyangumi aina ya orka wakiruka mbele ya watu katika bustani za SeaWorld, Marekani, nao hutuuliza: "Mwalimu, sisi tutapelekwa lini?" Bustani ya kwanza ilifunguliwa San Diego mwaka 1964. Lakini mwaka 2016 wenyewe walitangaza kwamba hawatazalisha tena orka, kwa kuwa watu wengi walikuwa wamehoji kama ni haki kumfungia katika birika kiumbe wa bahari kuu.

Kustaajabu si kosa. Ni mlango wa sala. Ila maajabu yako karibu nasi. Tuliwapeleka watoto wa katekesi Kapolowe, kwenye ziwa Tshangalele. Mvuvi mmoja aliwaonyesha samaki mtumbwini. Ndipo mtoto akauliza: "Maji ya Panda yanafika hapa?"

Yanafika. Mto Panda hupokea maji machafu ya viwanda na taka za nyumba zetu, huyapeleka Lufira, na Lufira huingia ziwani. Samaki yule hatazamwi tu, analiwa.

Najua wazazi wa wengi wenu hula jasho lao viwandani humo. Hata hivyo, kuuliza kwa heshima namna maji yanavyosafishwa si uadui. Basi kila kikundi kiwapeleke watoto ziwani, na kabla ya safari kiokote taka ukingoni mwa Panda. Amana ya Muumba hailindwi kwa kutazamwa tu.