Mguu Usioinuka



Goti linapoteguka kabisa, hata mfupa wa paja ukaachana na mfupa wa muundi, madaktari huuliza kwanza kama damu inafika wayoni. Mshipa mkubwa wa damu ulio nyuma ya goti ukikatika, mguu waweza kupotea kwa muda wa saa chache. Jambo hilo likipita salama, jamaa hushangilia, nao wageni huanza kupungua.

Lakini iko neva ipitayo upande wa nje, chini kidogo ya goti, inayoamuru wayo uinuke. Ikivutwa au kukatika, wayo huning'inia na vidole huburuta chini. Baada ya miezi michache twasikia majirani wakinong'ona: goti limekwisha kupona, mbona hatembei sawasawa? Maneno hayo ni dhuluma. Neva iliyoumia hukua upya kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku. Sentimeta 30 ni siku 300, na wengine hawarudishiwi nguvu yote hata wakijitahidi namna gani.

Jaylon Smith, mchezaji wa kandanda ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, aliumia goti na neva hiyo tarehe 1 Januari 2016. Hakucheza msimu wote uliofuata. Aliporudi mwaka 2017, akiwa na Dallas Cowboys, wayo wake ulikuwa bado umeshikiliwa na kifaa. Naye alitunzwa na madaktari wa timu tajiri!

Wala hatusemi mgonjwa akae tu akingoja. Msuli uliokosa neva kwa muda mrefu, mwaka na zaidi, hudhoofika usiweze kuamka tena. Kwa hiyo arudi kliniki kila anapoitwa. Upo upasuaji wa kuiunga neva, na upo wa kuhamisha kano ya msuli mzima ili iinue wayo. Na tafadhali, asikandwe kwa maji ya moto: ngozi iliyokufa ganzi huungua bila mwenyewe kujua.

Jumuiya ndogondogo zinazopanga zamu za kumtazama mgonjwa zingefanya vema kuziweka nyingine katika mwezi wa 6 na wa 7, na mmoja wa wanajumuiya amsindikize kwenye mazoezi ya viungo, maana nauli peke yake huwashinda wengi.