Wasiorudi Vitani Wapewe Siku, Lakini Majina Kwanza

Huku Magunga, na kwingineko katika nchi ya Wajaluo, mtu akifia mbali na maiti yake isipatikane, jamaa huzika tunda la yago badala yake. Kaburi huchimbwa, watu hulia, kisha tanga huanuliwa.

Nalitaja hilo kwa sababu wakuu wa kikoloni walidai Mwafrika hana haja ya jiwe la kaburi. Mwaka 1917, John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Nyanza, alipewa kazi ya kukusanya wapagazi wa jeshi la Uingereza dhidi ya Wajerumani. Nyanza ilitoa vijana wengi mno. Waliuawa zaidi na kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Sanamu ya askari iliyosimamishwa jijini Nairobi inaahidi kwamba watoto watalikumbuka jina la aliyekufa. Jina lenyewe halimo. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote.

Mkoloni ameondoka, tabia imebaki. Kambi ya jeshi letu huko El Adde, Somalia, ilivamiwa tarehe 15 Januari 2016, na hadi leo serikali haijatangaza rasmi idadi kamili ya wanajeshi wetu waliouawa. Wapo wanaosema kutangaza ni kumpa adui la kujivunia. Hoja hiyo ina uzito vita vikiwa moto. Miaka ikishapita, anayeumia ni mjane pekee. Mwili usipopatikana, sheria ya ushahidi humdhania mtu kuwa amekufa baada ya miaka 7 bila habari zake.

Wengine huuliza: siku mpya ya kuwakumbuka wasiorudi ni ya nini? Siku ya Mashujaa si ipo? Na ile ya jeshi letu, KDF, 14 Oktoba? Ya kwanza imebeba mengi. Ya pili huadhimisha kuanza kwa operesheni ya Linda Nchi huko Somalia mwaka 2011. Aliyepotea hana nafasi yake humo.

Mimi naunga mkono tarehe 15 Januari iwe siku hiyo, tena bila mapumziko ya kazi. Majina yasomwe katika kila makao ya kaunti ndogo, Magunga ikiwemo, ya wapagazi waliosalia kwenye kumbukumbu pamoja na ya askari wa Somalia. Siku isiyo na orodha itakuwa hotuba tupu. Wabunge wetu, idaini Wizara ya Ulinzi orodha hiyo kabla ya kupitisha sheria yoyote ya kumbukumbu.