Kona ya kabati la jikoni isiwe pango la hatari

Msomaji mpenzi, ukipata nafasi leo baada ya chakula cha mchana, hebu ingia jikoni, uiname mbele ya lile kabati la chini lililo kwenye kona, kisha ufungue mlango wake. Usitoe chochote kwanza. Tazama tu. Mbele utaziona sufuria za kila siku. Lakini nyuma yake, kule kwenye giza, kuna nini? Kama jikoni mwako ni kama mwa wengi wetu hapa Nakuru, yamkini kuna vifuniko visivyo na sufuria, birika lililotoboka, mfuko wa mahindi yaliyotoka shambani msimu uliopita, na chupa ambayo hakuna mtu nyumbani anayekumbuka ina nini.

Kabati hilo ndilo mada yetu Jumapili hii. Wengi huliona kuwa jambo dogo la kuudhi, la kupoteza kifuniko na kuumia goti. Ukweli ni kwamba mahali usipopaona wala kupafikia ndipo chakula huharibikia, panya huzalia na mtoto huokotea kitu cha kumdhuru. Kwa hivyo kabla ya kuuliza kona itaingia vitu vingapi, yafaa tuulize ni vitu gani vinavyostahili kukaa humo.

Kona ilivyoingia jikoni

Katika nyumba za zamani za baraza la mji, kama vile za Kaloleni na Kivumbini, aila nyingi ziliishi katika chumba kimoja. Vyombo vilikaa mezani, kwenye rafu ya ukutani au ndani ya karai chini ya kitanda. Nafasi ilikuwa haba, lakini kila kitu kilionekana. Nyumba za ghorofa zilizozuka baadaye katika mitaa kama Section 58, Naka na Free Area zilikuja na kabati za kujengewa. Fundi hupanga kabati kwenye ukuta mmoja, akageuka na kupanga nyingine kwenye ukuta wa pili. Pale safu hizo mbili zinapokutana ndipo panapozaliwa shimo letu.

Chukua tepu upime. Kabati la chini la kawaida huwa na kina cha sentimita 60. Kona, basi, ni sentimita 60 kwa 60, na kimo chake ndani ni kama 75. Hiyo ni nafasi ya lita 270. Gunia la mahindi la kilo 90 hujaza lita 125 hivi, kwa hivyo kona hiyo ingeweza kumeza magunia mawili na nafasi ikabaki. Si nafasi ya kudharau.

Taabu ni mlango. Aghalabu mlango wenyewe una upana wa sentimita 40 tu, nao uko upande mmoja. Kutoka hapo hadi pembe ya mbali kabisa ni sentimita 85 hivi, nao mkono wa mtu mzima haufiki huko asipopiga magoti na kuingiza kichwa. Ndiyo maana kitu kikishaingia nyuma hakitoki tena.

Vitu vitatu usiviweke humo

Cha kwanza ni mtungi wa gesi. Wengi huuficha humo ili jikoni papendeze. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatokea dirishani, bali huteremka na kutulia chini kama maji kwenye beseni. Kabati lililofungwa kwenye kona ndilo beseni lenyewe. Gesi ikifika kiasi cha asilimia 2 tu ya hewa iliyomo, tayari yaweza kulipuka ikipata cheche. Kwa kona ya lita 270, hizo ni gramu 12 hivi. Mtungi mdogo una kilo 6, yaani gramu 6,000. Cheche nayo si lazima itoke kwa kiberiti, kwani swichi ya taa au mtambo wa friji waweza kuitoa.

Mtungi na ukae wima mahali penye hewa, karibu na dirisha au mlango wa nje. Kama huna budi kuuweka ndani ya kabati, uwe karibu na mlango wa kabati, nalo litobolewe matundu chini kabisa, usawa wa sakafu, ili gesi ikivuja ipate njia ya kutokea. Ukitaka kujua kama mpira unavuja, paka povu la sabuni utazame kama litatoa mapovu. Usijaribu kwa kiberiti kamwe. Ukinusa gesi, usiwashe wala kuzima taa. Funga mtungi, fungua madirisha na milango, kisha utoe watu nje.

Cha pili ni mahindi na unga. Jamaa wengi wa mjini huletewa gunia kutoka Rongai, Njoro au Subukia, nalo hutafutiwa pa kukaa. Kona ya jikoni ni mahali pabaya mno. Pale kuta mbili za nje zinapokutana ndipo penye baridi kuliko kwingine, hasa mwezi wa Julai. Mvuke wa chungu kinachochemka huingia kabatini, ukagusa ukuta baridi na kugeuka maji. Hewa haipiti wala jua halifiki. Kuvu hutaka nini zaidi?

Mwaka wa 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua kutokana na sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini, na 125 kati yao wakafa. Wachunguzi waligundua kwamba wengi wa waliougua walikuwa wamehifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba badala ya ghalani. Sumu hiyo haiishi kwa kuosha mahindi wala kwa kuyachemsha. Mahindi yaliyoota kuvu ni ya kutupwa, hata yakiwa ni ya jasho lako.

Mahindi yanafaa kukauka hadi unyevu uwe chini ya asilimia 13.5. Ukiwa na shaka, tumia njia hii rahisi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, funga utikise kwa dakika chache. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi hayo bado ni mabichi mno ya kuhifadhiwa. Chumvi isiponata ni dalili njema, ingawa haikupi ruhusa ya kuyafungia kwenye giza. Yaweke juu ya vipande vya mbao, mbali na ukuta, mahali utakapoyaona kila siku. Unga nao ukae kwenye mkebe wenye kifuniko, kwenye rafu ya usawa wa macho.

Cha tatu ni mafuta ya taa, dawa ya panya na dawa za kusafishia choo. Mzazi hudhani ameficha chupa, kumbe ameiweka usawa wa mikono ya mtoto anayetambaa. Mtoto ndiye mtu wa pekee nyumbani anayeweza kuingia mzima ndani ya kabati hilo. Akikuta mafuta ya taa ndani ya chupa ya soda, atayanywa kama soda. Vitu hivyo viwekwe juu, penye kufuli, ndani ya vyombo vyake vya asili. Na iwapo mtoto amekunywa mafuta ya taa, usimlazimishe kutapika, kwa sababu yakipanda tena yaweza kuingia mapafuni na hapo ndipo madhara makubwa huanzia. Mkimbize hospitalini, ukienda na chupa yenyewe.

Basi humo iwekwe nini?

Kona ipewe vitu vya sifa tatu: visiwe vya kuoza, visiwe vya sumu, na visiwe vya kutumiwa kila siku. Mathalan, sufuria kubwa za sherehe, karai, chupa kubwa za chai za wageni, sinia, mashine ya kusaga nyama, na jiko la makaa likiwa limepoa na kutolewa majivu. Kisha andika orodha ya vilivyomo na uibandike ndani ya mlango. Utashangaa jinsi karatasi ndogo inavyokuepusha kununua ungo wa tatu wakati una wawili usiowaona.

Wazo hili la kila kitu kupewa mahali pake si geni. Mwaka wa 1926, mama mmoja msanifu wa majengo kutoka Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jikoni kwa nyumba za wafanyakazi wa mji wa Frankfurt, Ujerumani. Ilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 tu, nayo ikajengwa katika nyumba zipatazo 10,000. Unga, mchele na sukari kila kimoja kilipewa droo yake ndogo yenye jina, mkono unapofika. Aliyaanza mambo kwa hatua na mkono wa mpishi, si kwa urembo wa kabati.

Njia za kuifikia

Kwanza, njia isiyohitaji fundi. Tafuta beseni pana la plastiki au kreti inayopita mlangoni, ufunge kamba kwenye ukingo wake. Panga vitu ndani, sukuma hadi nyuma, na ncha ya kamba ibaki mlangoni. Ukitaka kitu unavuta kamba. Ukipata makreti mawili, moja nyuma na moja mbele, kona nzima hutoka kwa mivuto miwili. Chini tandika plastiki laini ili yateleze.

Pili, rafu inayozunguka. Hii ni mbao ya mviringo juu ya mhimili, unaizungusha na kitu cha nyuma kikaja mbele. Fundi wa jua kali aweza kuitengeneza. Jua tu kwamba duara ndani ya mraba hupoteza zaidi kidogo ya sehemu moja kwa tano ya kona. Pia ukingo wake uinuliwe sentimita 5, ama vifuniko vitaanguka nyuma na kuzuia mzunguko. Rafu hii hufaa pale mlango unapokatwa mshazari kwenye kona. Kwa mlango ulio upande mmoja, afadhali rafu mbili za kuvuta kwenye reli: ya mbele inatoka nje, kisha ya nyuma inasogezwa kando na kutoka pia.

Kabla ya kumlipa fundi salio lake, pakia rafu sufuria zako nzito kabisa uizungushe au uivute mara 20. Ikilegea mbele yake, atairekebisha. Ikilegea akishaondoka, ni juu yako. Aidha, chunguza mbao. Chipibodi iliyo karibu na sinki hunywa maji na kufura kama mkate ndani ya chai. Saipresi ya kutoka Elburgon au Molo ni nzuri, mradi iwe imekaushwa. Ikiwa mbichi itajipinda na droo itakataa kufungika.

Tatu, kufungulia upande wa pili. Ikiwa nyuma ya kona hakuna ukuta, bali kabati limetenga jikoni na sebule, mlango waweza kuwekwa upande wa sebule. Pale mezani ndipo utaweka sahani na glasi za wageni, na hutahitaji kuinama jikoni tena.

Nne, kuifunga kona kabisa. Usicheke. Kama unajenga nyumba mpya huko Kiamunyi au Lanet, mwambie seremala aiache kona tupu, na fedha za kabati hilo aziweke kwenye droo tatu pana kila upande. Droo huleta kitu cha nyuma hadi mbele ya macho yako. Mkumbushe pia aache ubao wa sentimita 5 hivi pande zote mbili za kona. Asipoacha, vishikio vitagongana na droo moja haitafunguka.

Ikiwa umepanga

Mpangaji asitoboe wala kukata kabla ya kuzungumza na mwenye nyumba. Beseni na kamba havihitaji ruhusa. Hata mlango wa kona waweza kung'olewa bawaba, ukahifadhiwa chini ya kitanda na mahali pake pakatundikwa pazia jepesi. Hewa itapita, mwanga utaingia, na siku ya kuhama utaurudisha. Kama una mtoto mdogo, basi mlango na ubaki.

Nawe mwanafunzi wa Egerton uliyepanga chumba kimoja kule Njoro, kona yako ni ile ya chumba. Simamisha makreti matatu yakielekea mbele, vyombo vizito chini, chakula katikati, sabuni zikae kwingine. Mtungi wako wa gesi usiusukume kwenye kona hiyo, wala usilale ukiwa umefungulia.

Kazi yote hii haizidi saa moja. Toa kila kitu, hata kile cha nyuma kabisa. Pangusa kwa maji ya sabuni, acha mlango wazi pakauke kabisa, ziba tundu lolote linaloweza kupitisha panya. Kisha rudisha vile tu vinavyostahili. Watoto wakusaidie kuandika ile orodha ya mlangoni. Watajua kilichomo, na watajua ni kwa nini vingine havimo.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia mapishi mema.